Jiko la Bi Pimbi na Mkia wa Nyati

"Nifungue kinywa?"

"Fungua!"

"Kitoe kisa cha moto au cha baridi?"

"Cha baridi!"

Haya, sogeeni. Hapo kale, juu milimani, palikuwa na baridi ya kutafuna masikio. Bi Pimbi, mjane mwenye wana watatu, aliishi katika pango dogo, na wanawe walitetemeka kutwa kucha, meno ka-ka-ka. Basi akaenda kwa Fundi Muhanga, mfinyanzi wa majiko ya kuni.

"Nataka jiko la kupasha nyumba joto."

"Kubwa au dogo?"

"Pango langu dogo, nalo liwe dogo. Liwe na kuta nene za kutunza joto, mlango unaofunga, na bomba refu la kutoa moshi."

"Umechagua kwa akili. Nichimbie udongo, nami nitakufinyangia."

Bi Pimbi akachimba, akachimba, akachimba, miezi miwili, hata kucha zikaisha.

Siku ya kulichukua jiko akamkuta Nyati kwa fundi. Nyati alikuwa na jiko lake tangu mwaka juzi, kubwa kama kichuguu.

"Na hili nalichukua," akasema Nyati.

"Mzee, hilo ni langu. Nimelichimbia udongo. Wewe unalo lako."

"Lile linapasha kichwa. Mkia unabaki na baridi."

Akaliinua kwa pembe, huyo, akaenda zake.

Bi Pimbi akawaka hasira. Jiko la wanawe likapashe mkia? Akamtazama fundi, fundi akatazama chini. Nani ambishie mwenye pembe? Bi Pimbi hakulia. Akamfuata Nyati hadi pangoni kwake, akakuta majiko yote mawili yanawaka.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umekuja kudai?"

"Nimekuja kukuonea huruma. Joto lako linatorokea mabombani, fuu, fuu. Kunguru wamejipanga huko juu, wanaota bure."

Nyati akaacha kucheua. "Wanaota moto wangu?"

"Wako, Mzee."

"Bure?"

"Bure kabisa."

Nyati hakuvumilia. Bi Pimbi alipotoka tu, akaziba bomba la kwanza kwa udongo, akaziba na la pili. Akarundika kuni, hata mbichi, akafunga mlango wa pango ili aote peke yake.

Bi Pimbi akakaa nje, akangoja.

Fuuu. Moshi ukajaa. Koho, koho, koho. Mlango ukaruka, Nyati akatoka gudu-gudu-gudu, machozi yakimchuruzika, akashuka bonde akiapa kwamba majiko yana mashetani. Hakurudi tena.

Moshi ulipokwisha, Bi Pimbi na Fundi Muhanga wakaliviringisha lile dogo hadi nyumbani. Wana wakalala wamejinyoosha. Mama yao alikuwa bado amenuna. Alilisugua lile jiko siku tatu, maana lilinuka mkia.

Funzo, wanangu, mkimuuliza Nyati huko bondeni, ni hili: vitu vizuri waachieni wakubwa, wao ndio wanaojua kuvitunza.

Hadithi imefika hapo. Aliyeisikia aibebe, aliyesinzia atajijua.