Maksai wa Bondeni

Imepokewa kutoka kwa wazee waliopokea kwa wazee wao, na ujuzi wote uko kwa Mola Mlezi, kwamba katika mji wa Darsafa paliishi mja mwema aitwaye Muzahimu bin Waddahi, mkalimani wa Sultani. Alikuwa mtu mpole, mwenye ndevu nyeupe na heshima zake, na akipita njiani watu walimpisha. Kazi yake ilikuwa kuyachukua maneno ya wageni na kuyafikisha kwenye masikio ya Sultani bila kutia chumvi. Katika umri wake wote hakujulikana kwa uongo, hata ule mdogo mdogo ambao waume huwaambia wake zao kuhusu mapishi.

Mkewe, Bibi Rababu, aliujua vizuri ukweli huo, maana mchuzi ukimharibikia aliambiwa papo hapo. Yeye hakuwa mzaliwa wa Darsafa. Alitoka juu, katika milima ya Kinani, kwa wakulima waliokuwa waumini kama watu wa bondeni, wakielekea kibla kimoja na kufunga mwezi mmoja, ila lugha yao ilikuwa mbali. Ndiye aliyemfundisha Muzahimu lugha hiyo. Na kila alfajiri alimwamsha kwa maneno yale yale ya kwao: "Maksai wangu, amka, wakati wa sala umeingia."

Sasa hapa, ndugu msomaji, nisikilize vizuri. Kwa watu wa Darsafa, wafuga farasi na ngamia, maksai ni dume lililohasiwa, na kumwita mwanamume hivyo ni kumvua nguo mbele za watu. Lakini Kinani mashamba yako kwenye miteremko mikali, na pasipo maksai wa kuvuta jembe hakuna mkate. Kule maksai hulala ndani na wenye nyumba wakati wa baridi. Hapigwi, hachinjwi, na akifa huzikwa, na watoto humlilia. Mwanamume anayewabeba watu wake bila manung'uniko huitwa maksai, na watu wa Kinani hawana sifa iliyo juu ya hiyo.

Muzahimu alipoitwa hivyo mara ya kwanza, siku za arusi yao, alinuna mpaka adhuhuri. Akaelezwa, akacheka, akalizoea. Miaka ikapita, neno likamkaa moyoni, tamu kama tende, hadi akasahau kabisa kwamba linaweza kumchoma mtu mwingine. Huko ndiko mtihani wake ulikokuwa umejificha.

Ikawa mwaka mmoja mvua zilikuwa haba, na chemchemi iliyo mpakani, inayonywesha milima na bonde, ikapungua. Wachungaji wa pande mbili wakaanza kusukumana. Amiri wa Kinani, aliyependa amani, akamtuma mjumbe kwa Sultani wa Darsafa na mitungi ya asali, kuomba wakutane wagawane maji kwa uadilifu. Sultani huyo, Murshidi, alikuwa mtu mwema, mwepesi wa kutoa na mwepesi wa kukasirika. Mola hakumjaalia mtoto. Barazani kwake watu hawakuthubutu kutaja watoto, na mawaziri waliojaaliwa wajukuu waliwaficha kana kwamba wamewaiba.

Mjumbe akainama, akasema salamu za kwao, na Muzahimu akazitafsiri kwa sauti ya wazi: "Amiri wa Kinani anakusalimu, ewe maksai wa bondeni."

Alilisema kama alivyolisikia nyumbani kwake, kwa tabasamu. Na lile tabasamu ndilo lililoharibu zaidi.

Sultani akabadilika rangi. Mjumbe maskini, asiyejua kinachoendelea, akatabasamu naye ili asionekane mkosa adabu. Kabla Muzahimu hajatanabahi, Waziri Jauhari alikuwa amesimama akipiga kelele kwamba heshima ya Darsafa imekanyagwa. Mitungi ya asali ikavunjwa, mjumbe akatolewa kwa kusukumwa, na ngoma ya vita, iliyolala tangu enzi ya baba yake Sultani, ikalia.

Muzahimu alifungua mdomo, lakini kwa kelele zile hata yeye mwenyewe hakujisikia. Waziri akamshika mkono, akamvuta pembeni.

"Hebu niambie, Sheikh Muzahimu. Neno alilolisema mjumbe si ndilo hilo?"

"Neno ndilo, Mheshimiwa Waziri. Maana ndiyo siyo."

"Basi neno latutosha," akasema Waziri. "Nawe waijua ada ya nchi hii. Mkalimani akikiri kwamba amekosea mbele ya kiti cha enzi, hufungwa kitambaa cheusi mdomoni, akapandishwa punda na kuzungushwa sokoni, na hasemi tena barazani. Mzee mzima, na ndevu hizo! Nenda nyumbani ukapumzike."

Akaenda. Sikufichi: aliogopa. Uchaji Mungu haumwondolei mtu hofu ya kuchekwa, na yeye alikuwa ameishi kwa heshima muda mrefu mno.

Bibi Rababu alimsikiliza, na mwanzoni alishindwa kujizuia. "Ulimwita Sultani maksai?" Akacheka hadi akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Kisha ngoma ikasikika kutoka mjini, na kicheko kikakatika. "Hiyo ngoma," akauliza polepole, "ni kwa neno langu mimi?"

Mwana wao wa pekee, Haritha, alikuwa miongoni mwa wapanda farasi wa Sultani. Na kule milimani alikuwako Ghaithi, mtoto wa kaka yake Rababu, ambaye Rababu alimlea mgongoni kabla ya kuolewa.

"Nenda ukaseme kweli, mume wangu," akamwambia. "Nenda sasa hivi."

Akasema atakwenda asubuhi, hasira za Sultani zikishatulia. Naye akaenda asubuhi, kama alivyoahidi. Lakini hebu tazama usiku mmoja unavyoweza kufanya. Wenye maghala ya nafaka walikuwa wamekwisha kukumbuka kwamba njia ya Kinani ikiwa yao watauza watakavyo. Vijana waliokuwa hawana jina walikumbuka kwamba jina hupatikana kwa upanga. Waziri Jauhari alikumbuka chemchemi, ingawa kwa kweli hakuwahi kuisahau. Mtawala wa mashariki, aliyekuwa na hofu zake mwenyewe, alileta wapanda farasi ili asiachwe peke yake siku atakapovamiwa yeye. Na kule Kinani, waliposikia farasi wa bondeni wanatandikwa, wakanoa miundu na mashoka, wakaapa kwamba wao wanajikinga tu. Pande zote mbili zilikuwa zinajikinga. Lile neno hakuna aliyelikumbuka tena. Lilikuwa mlango tu, na sasa kila mtu alikwisha kuingia na mzigo wake.

Sultani alimsikiliza Muzahimu faraghani mpaka mwisho.

"Nakuamini," akasema. "Wallahi nakuamini, na laiti ungelisema jana. Leo wageni wangu wamelala na silaha zao nyumbani kwangu. Nikitoka sasa niseme yalikuwa makosa, watasema Murshidi ameogopa. Hapo ndipo nitakuwa maksai kweli, kwa maana ya huku kwetu."

"Bwana wangu, watakufa watu."

"Watakufa wachache, mambo yaishe," akasema Sultani, bila kumtazama usoni. Hivyo ndivyo wasemavyo wote.

Kikosi cha mbele kilipanda hadi chemchemini, na huko kikakutana na watu wa Kinani. Hakukuwa na mshindi. Ilikuwa kukatana tu matopeni, kati ya watu waliokuwa wakinyweshea mifugo pamoja mwaka uliotangulia. Kikosi kikarudi na maiti zilizofungwa juu ya migongo ya farasi. Haritha alirudi akiwa hai. Alikwenda moja kwa moja kwa mama yake, akakaa chini karibu na jiko.

"Mama," akasema mwishowe, "nimemwona Ghaithi. Alinitambua. Aliita jina langu, akashusha shoka lake ili anisalimu. Mwenzangu aliyekuwa nyuma yangu akadhani ananishambulia." Zaidi ya hapo hakuweza.

Rababu hakupiga yowe. Alimwosha mwanawe matope usoni kama alivyomwosha alipokuwa mdogo, akamlaza. Alfajiri ilipofika akamwamsha mumewe. "Baba Haritha," akasema, "wakati wa sala umeingia."

Baba Haritha! Jina la heshima, jina ambalo mke yeyote mwema humwita mumewe, na Muzahimu aliliona zito kuliko tusi. Akaenda kutawadha. Ndipo alipoelewa kwamba kuisema kweli sirini, kwa mtu mmoja, ilikuwa ni njia yake ya kuokoa ndevu zake.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, na jeshi kubwa lilipangiwa kuondoka baada ya sala. Msikiti ulijaa hadi uani. Imamu alipotoa salamu, kabla watu hawajainuka, Muzahimu alisimama safu ya mbele akawageukia.

"Enyi waumini," akasema, "mimi Muzahimu nimekosea mbele ya kiti cha enzi. Amiri wa Kinani hakumtukana Sultani wetu. Alimsifu." Akawaeleza habari za miteremko na jembe, na maksai anayelala ndani wakati wa baridi. Watu wakatazamana.

Waziri Jauhari akasema kwa sauti kubwa, "Anawatetea wakwe zake! Tutajuaje kwamba hiyo ni sifa?"

Muzahimu akainamisha kichwa. Shavu lake likawaka moto, mzee yule ambaye hakuwahi kutaja mambo ya chumbani kwake hata kwa ndugu zake. "Najua," akasema, "kwa sababu mke wangu huniita hivyo."

Kisha huko nyuma mtu mmoja akaguna. Sultani akauliza kutoka mahali pake, "Bibi Rababu hukuita maksai?"

"Kila alfajiri, Mola akuweke. Huniita 'maksai wangu'. Nilisikia jina hilo kwa mapenzi miaka mingi mno, nikasahau kwamba huku kwetu ni matusi. Na leo, kwa kuwa ameuawa mtoto wa kaka yake, hakuniita hivyo."

Yale maneno ya mwisho wengi hawakuyasikia, kwa sababu kicheko kilikuwa kimekwisha kuupasua msikiti. Walicheka wanajeshi, walicheka wageni wa mashariki, akacheka hata imamu, Mungu amsamehe. Muzahimu alisimama katikati ya kicheko hicho bila kujifunika uso.

Ndipo kutoka upande wa wanawake, nyuma ya pazia, ikaja sauti ya mama mmoja ambaye mwanawe alikuwa miongoni mwa wale waliorudishwa juu ya farasi. Haikuwa sauti kubwa.

"Kwa hiyo mwanangu," akauliza, "amekufa kwa ajili ya salamu?"

Kicheko kilikoma. Yule mama akangoja ajibiwe, na katika msikiti uliojaa majemadari na maulamaa hakupatikana wa kumjibu. Sultani Murshidi alianza kulia, akalia waziwazi. Kisha akainuka, akasema jeshi lifungue matandiko.

"Ada ni ada, Sheikh wangu," akamwambia Muzahimu. "Leteni punda na kitambaa cheusi."

Wakaleta. Muzahimu akafungwa mdomo, akapandishwa. Lakini mshika kamba alipotaka kumwongoza punda, Sultani alimnyang'anya kamba, akavua viatu, akamwongoza yeye mwenyewe kuzunguka soko lote. "Huyu alikosea kwa ulimi, asijue," aliwaambia watu waliotoka kushangaa. "Mimi niliambiwa maana, nikaendelea kwa kujua." Watu walitazama chini. Na Waziri Jauhari hakuonekana sokoni siku hiyo, wala barazani baada yake.

Sultani akapanda Kinani bila silaha, pamoja na wazazi wa waliouawa, akaomba msamaha. Amiri alimkumbatia, na maji wakagawana kama mjumbe alivyokuja kuomba tangu mwanzo, hawakuongeza wala kupunguza neno. Makaburi wakayachimba hapo hapo chemchemini, ya bondeni na ya milimani kando kwa kando, ili kila anayekuja kuteka maji ayapite. Suluhu ilikuwa njema, lakini waliozikwa hawakuamka kuja kuifurahia.

Muzahimu hakuingia tena barazani. Alikaa nyumbani, akapanda mboga, akawafundisha watoto wa jirani. Kila alfajiri aliamshwa: "Baba Haritha, wakati wa sala umeingia." Naye aliitika kwa upole, akasubiri, asiulize, asinung'unike, asijaribu hata kumkumbusha lile neno kwa mzaha. Alijua halikuwa lake la kudai. Siku za baridi zikaja zikapita, na mche uliopandwa kwenye kaburi la Ghaithi ukatoa majani.

Kisha alfajiri moja, alipokuwa macho tayari akingojea, mkono ulimgusa bega. "Maksai wangu," ikasema sauti ya Rababu, nzito kidogo kama ya mtu aliyekuwa amelia au karibu kucheka, "amka, wakati wa sala umeingia."

Na yule mzee mkweli, ambaye hakuwahi kumdanganya mtu, alifumba macho akajifanya amelala, ili aitwe mara ya pili.

Tunataraji Mola amemsamehe uongo huo mmoja. Atulinde na sisi tusilisikie neno la jirani kwa masikio ya hasira, na tukishajua maana yake, atujaalie tusione haya kurudi nyuma mbele za watu. Amin.