Kunguru Alinda Mwali

Hapo zamani za kale, saruji ilipokwisha kula miti yote ya mji, ulibaki mndimu mmoja tu, umepandwa ndani ya kopo la rangi juu ya paa la ghorofa ya nne. Humo alikaa Mize, kiwavi mdogo. Mama yake Kipepeo alitaga yai pale akaenda zake, maana vipepeo hawabebi watoto mgongoni. Msimlilie. Majani alikuwa nayo.

Lakini kila alasiri upepo ulileta harufu ya asumini kutoka ua mmoja ng'ambo ya barabara, na Mize huacha kula. Mdomo wazi, shingo kaielekeza huko. Kwenda hawezi: magari vuu, vuu. Kwa vijiguu vile angefika chapati.

Jirani yake paani alikuwa Bwana Shali, Kunguru, mpiga picha wa mji. Kazi aliijua, ila mwongo. Aliwahi kuapa kaona samaki akipanda ngazi. Basi siku alipomwona Mize, kijani, mnene, mate yalimtoka, kisha akafikiri. Mji huu haujaona kiwavi miaka mingi. Akimla kimyakimya, nani atamsadiki?

Akaleta kamera. Akamwambia Mize asitikisike, picha kwanza, tumbo baadaye. Kunguru hana haya.

Mize aling'ang'ania jani. Lakini ngozi ilikuwa inambana tangu juzi, akajua mwilini kwamba zamu yake ya kuingia gandani imekaribia.

"Mjomba Shali," akasema, "mwali gani hupigwa picha kabla ya kuwekwa ndani?"

"Mwali? Wewe?"

"Unamwona mwingine? Nipige hivi, watu waseme Shali kapiga picha tambi. Niache siku kumi na nne, mimi na kungwi wangu. Nitatoka nimepambwa, na nimenona."

Kunguru akakubali. Mize akampa masharti: mwali hachunguliwi, haguswi, na mwenye haja naye ndiye anayelinda mlango. Kisha akajifunga kwa uzi kwenye kijiti, akajivika ganda, kimya. Huyo kungwi anaingilia wapi, Kunguru hakuuliza. Mambo ya wanawake.

Akalinda. Mjusi alikuja kunusanusa, akafukuzwa mpaka chini. Mvua ilinyesha, Kunguru akatandaza mabawa juu ya kopo. Wateja wakaondoka. Mkewe alipomwuliza anaatamia nini, alijibu, "Heshima."

Na ndani ya ganda harufu ya asumini ilipenya. Mize hakuwa na macho wala miguu ya kuaminika siku zile, ila hamu ilibaki palepale.

Siku ya kumi na nne, asubuhi, ganda likapasuka, ta! Akatoka mtu asiyejulikana, mwembamba, mbichi, nguo zimekunjamana mgongoni.

"Wewe nani?" Kunguru akauliza, kamera jichoni.

"Kungwi wake. Mwali anamalizia wanja. Nipishe juani nikaushe nguo, na wewe lenga mlango. Akitoka ukawa unaangalia pembeni, shauri lako."

Kunguru akampisha. Akainamisha kichwa kabisa, kwa adabu. Kungwi akakaa juani, nguo zikanyooka polepole, nyeusi na manjano, zikawa mabawa. Akaaga vizuri, akaruka juu ya magari, akaenda.

Kunguru akalenga mlango mpaka adhuhuri. Akalenga mpaka alasiri. Mwishowe akachungulia. Ganda tupu.

Kule uani Mize alitua juu ya asumini. Mama aliyedhani atamkuta pale hakuwako, vipepeo hawangoji mtu. Akakaa kidogo vilevile, akanusa, kisha akaanza kutafuta mndimu wa kutagia.

Bwana Shali alipiga picha ya lile ganda, akaitundika ukutani, akawaambia watu kiwavi yumo humo, ana haya. Wakacheka. Na tangu siku ile, upepo wa alasiri ukivuma, yeye ndiye anayeacha kula, akatazama ng'ambo.

Basi shikeni hili mkalale: anayelinda mlango bila kumjua mwali, amelinda ganda.