Bi Siwatu na Mahindi ya Mwezi Mpevu

Palikuwa na sultani aliyetaka ghala lake lijae mahindi kabla ya Idi. Ikapigwa mbiu: katikati ya Ramadhani, mwezi ukiwa mpevu, kila mtu avune. Mchana wafunge, usiku wavune, mwanga upo.

Watu wakavuna. Bi Siwatu, mjane mwenye shamba moja alilorithi kwa bibi yake, hakuvuna. Aliyaacha mahindi yake shambani mpaka mwezi ukaisha angani.

Siku ya ishirini na tisa ya mfungo, jua likikaribia kuchwa, akaitwa barazani. Mahindi ya ghala la sultani yalikuwa yameshaanza kutoa unga yenyewe, lakini hilo hakuna aliyelitaja.

"Mbiu uliisikia?" akauliza Sultani.

"Niliisikia, Maulana. Ilipita mlangoni kwangu mara mbili."

"Ukavuna lini?"

"Jana."

"Kwa nini jana?"

"Mwezi ulikuwa umekwisha. Hindi likivunwa mwezi mpevu huingia fukusi, wakalitoboa likawa unga. Likivunwa gizani hukaa. Bibi yangu alivuna hivyo, na mama yake vilevile."

"Bibi yako alikuwa sultani?"

"Hapana, Maulana. Alikuwa na mahindi mwaka mzima."

Mtu mmoja nyuma akakohoa. Sultani akamtazama mpaka kikohozi kikapona.

"Nchi hii inamtii nani, Siwatu? Mimi au mwezi?"

"Wewe, Maulana."

"Basi shamba lako nimelichukua. Na kuanzia sasa, katika nchi yangu, ni marufuku mtu kungoja mwezi ndipo afanye jambo."

"Jambo la shamba, Maulana?"

"Jambo lolote! Mkubwa kwa mdogo. Kadhi, andika."

Kadhi akachovya kalamu, akaishika hewani, akamwangalia Sultani. Sultani akamwonyesha karatasi kwa kidole. Kadhi akaandika.

"Imeandikwa?" akauliza Bi Siwatu.

"Imeandikwa," akasema Kadhi kwa sauti ndogo.

Bi Siwatu akainua macho. Juu ya paa la jumba, watumishi wanane wa Sultani walikuwa wamesimama safu moja, mikono juu ya nyusi, wakitazama magharibi.

"Basi, Maulana, waamuru wale washuke. Kisha utujibu sasa hivi, na shamba uchukue: kesho tunafunga, au tunakula Idi?"