Uzi wa Machi Kwenye Mlango wa Leza

Mazoea yana taabu. Aliyeizoea hatari huifuga kama paka wa nyumbani, akashangaa siku anapoparurwa.

Kamen alikuwa akikata mabati kwa leza katika kiwanda kimoja mjini Gabrovo. Mkewe, Tsvetana, alikuwa Italia akimtunza bibi kizee wa watu, na kwa muda mrefu Kamen alimwona simuni tu, uso ukiganda kila mtandao ulipoyumba. Alimtamani mno. Pasaka hii angerudi, na Kamen hakuomba kingine ila kumtazama usoni mpaka ashibe.

Mlango wa mashine ile ulikuwa na kitufe cha usalama: ukifungwa hukibonyeza, ukifunguliwa kinaachia na leza inazimika. Kamen aliona unamchelewesha. Miti ilipochanua, wenzake walivua mikononi nyuzi nyekundu na nyeupe za Machi, zinazovaliwa kuombea afya, wakazifunga matawini kama ilivyo ada. Yeye wake aliufunga kwenye kitufe kile kikabaki kimebonyea, akawa anafanya kazi mlango wazi.

"We Kamen, uzi unafungwa mtini!" alifoka Ginka, msimamizi wao. "Au unataka mashine izae plamu? Hebu fungua! Na miwani ya kinga iko wapi?"

"Dada Ginka, miaka yote hii mimi na mashine tumeshazoeana. Hainiumi."

"Mwanga wenyewe huuoni, kaka. Utajuaje umekuuma?"

Kamen akacheka, akaufungua uzi. Ginka alipompa kisogo tu, akaufunga tena.

Pasaka ilipokaribia, aliinama kunyoosha bati lililojikunja huku leza ikikata. Mwanga usioonekana ukadunda kwenye bati, ukamwingia machoni. Hakusikia maumivu. Aliona doa jeusi, akadhani ni uchovu; lilipokataa kutoka, akaenda hospitali.

"Macho yote mawili yameungua katikati," daktari alimwambia. "Ya pembeni utayaona. Unachokikodolea hutakiona, na dawa hatuna."

Basi la Italia lilipofika, alilitambua koti la Tsvetana, kisha sauti. Alipomwelekea, uso ukamezwa na lile doa.

"Mbona unaangalia kando, mume wangu? Hukunikumbuka?"

"Nimekukumbuka mpaka nimekonda, Tsveti. Ila nikikutazama, huonekani."

Tsvetana akauchukua mkono wa mumewe, akauweka kwenye shavu lake lililolowa machozi. Kamen akaupapasa polepole uso alioungoja siku zote zile, naye akalia. Hakika, mazoea yana taabu.