Kuni za Nakijwa

Kale na kale!

Itikieni, wajukuu: ya mbali, ije karibu!

Haya. Hapo kale, baba wa babu yangu hajazaliwa, juu huku Upare ukungu ulikuwa ukishuka mwezi wa sita hauondoki mpaka wa nane. Baridi ilikuwa ya kuuma mifupa. Nyumba isiyo na moto ilikuwa nyumba ya maradhi.

Katika nyumba moja waliishi wanawake wawili: Nakijwa, mjane kijana, na mavyaa wake Nambua, mama wa marehemu mumewe. Nambua alikuwa kipofu, tena kifua chake kibovu. Akikohoa, akikohoa, mpaka Nakijwa anaweka jembe chini na kungoja apate pumzi.

Kuni zilitoka wapi? Msitu wa karibu ulikuwa wa ukoo wa mzee mmoja, Kajiru. Ukitaka mzigo wa kuni, unamlimia siku tatu. Nakijwa alilima. Analima, anabeba, anawasha. Analima, anabeba, anawasha. Lakini kuni zile zilikuwa mbichi, zimekatwa jana yake. Zilitoa povu kwenye ncha, zikajaza nyumba moshi.

Asubuhi moja Nambua alikohoa hadi akaanguka. Nakijwa akakimbia kwa Kajiru.

"Baba, nakuomba mzigo wa kuni kavu. Mama anakufa kwa moshi."

"Kuni ni kuni, mwanangu," Kajiru akasema, akafunga lango lake.

Nakijwa akarudi mikono mitupu. Njiani hakulia, ila meno yalimuuma kwa jinsi alivyoyakaza.

Sasa sikilizeni. Vuli ile ulivuma upepo ambao haujapata kuonekana. Ulipotulia, mizeituni mwitu mitatu ilikuwa imelala chini korongoni, mahali pasipo na mwenyewe. Mnaujua mzeituni mwitu? Mti mzito kama jiwe. Watu walikwenda, wakatazama, wakarudi. Shoka la nani livunjike pale?

Nakijwa akaenda kwa mzee wa kijiji. "Babu, ile miti ni ya nani?"

"Ni ya atakayeiweza," mzee akacheka.

Nakijwa akashika shoka. Siku ya kwanza, shoka liliruka likarudi kama limepiga ngoma. Siku ya pili, viganja vilichubuka. Siku ya tatu alirudi na kijikuni kimoja cha kuchemshia uji.

Nambua akaupapasa mkono wake, akakuta damu.

"Unapasua wapi?"

"Katikati, mama. Palipo panene."

"Nibebe unipeleke huko."

"Mama, korongo lile linateleza!"

"Baba yangu alikuwa mhunzi, Nakijwa. Nimekulia kwenye tanuri la makaa. Nibebe."

Akambeba mgongoni kwa kanga kama mtoto, akateremka kwa magoti. Pale chini Nambua akapapasa mti kwa vidole, taratibu, kama anayesuka nywele za mtu.

"Kwanza kata magogo mafupi, urefu wa mkono wangu hadi kiwiko. Gogo likate likiwa limelala, lipasue likiwa limesimama. Sasa tia kidole hapa. Unausikia ufa?"

"Kama unywele, mama."

"Huo ndio mlango. Usigombane na mti, ingia mlangoni mwake. Palipo na fundo, pazunguke."

Akafungua pindo la nguo yake, akatoa kabari mbili za chuma alizopewa na babake siku ya kuolewa. Nakijwa akakata gogo fupi, akalisimamisha, akaweka kabari kwenye ufa, akaigonga kwa rungu la mti. Ko! Ko! Ko! Gogo likalia kraa, likafunguka vipande viwili, vyekundu ndani kama nyama.

Wajukuu, yule binti alicheka korongoni peke yake na kipofu wake, mpaka ndege wakaruka.

Tangu hapo alipasua kila siku. Akabeba, akarudi, akabeba, akarudi. Nyumbani hakuzitupa chini. Nambua alimwagiza aweke mawe, juu ya mawe fito, juu ya fito kuni, zikiachiana nafasi upepo upite. Juu wakaezeka nyasi, ubavuni wakaacha wazi.

Majirani wakapita wakicheka. "Jamani, Nakijwa amezijengea kuni nyumba! Lini unaziposea mume?"

Likaja jua la kiangazi, zikaanza kukauka. Ikaja masika, wakaishiwa kabisa na kuni za kupikia. Nakijwa akanyoosha mkono kwenye rundo.

"Lete viwili nivisikie," Nambua akasema. Akavigonganisha karibu na sikio. Du. Du. "Bado. Bado zina maji tumboni."

"Mama, tutakula nini leo?"

"Kaokote vijiti. Za kifua changu ni hizi, na mimi ndiye ninayesema bado."

Nakijwa aliona uchungu, lakini akaenda kuokota vijiti kwenye mvua.

Ukungu wa mwezi wa sita uliposhuka, Nambua akagonganisha tena. Ting! Ting! Kama kengele ya mbuzi.

"Washa," akasema.

Vipande vitatu tu. Moto ukashika, mweupe, mkali, moshi wake mwembamba kama uzi. Mwanamke kipofu akanyoosha miguu. Asubuhi hiyo hakukohoa. Nakijwa akakaa akimsikiliza anavyopumua, machozi yakamtoka, na safari hii si kwa moshi.

Mwezi haujaisha, hodi! Mlangoni amesimama Kajiru, ukungu umemlowesha ndevu.

"Nakijwa. Mkaza mwanangu amejifungua pacha kabla ya siku zao. Wadogo kama viganja. Nyumba imejaa moshi, watoto wanabadilika rangi."

Nakijwa aliliona tena lango lile likifungwa. Akamgeukia mavyaa wake.

"Usiniangalie mimi," Nambua akasema, maana alisikia shingo yake ikigeuka. "Mikono iliyochubuka ni yako."

Hata mimi nisingejua la kufanya, wajukuu zangu.

Kisha Nakijwa akatoka, akafunga mzigo mkubwa, akajitwika kichwani mwenyewe. Kwa Kajiru alitoa nje vigogo vibichi vilivyokuwa vikifuka, akafungua mlango moshi utoke, akawasha moto wake. Akakaa mpaka wale pacha wakawa wekundu, wakaanza kupiga kelele za njaa.

Kajiru akasema kwa sauti ya chini, "Sema unachotaka."

"Msituni kwako kuna miti iliyokufa, baba, inaozea chini. Waachie watu waiokote. Wewe baki na iliyo hai."

Kajiru alikaa siku mbili akifikiri. Siku ya tatu akauondoa mwenyewe mti aliokuwa ameulaza kuzuia njia ya msitu. Na mwaka uliofuata kila ubavu wa nyumba, hata wa waliocheka, ulikuwa na rundo juu ya mawe. Na wote walipeleka kuni zao kwa Nambua azisikilize. Akaishi miaka saba zaidi.

Basi, wajukuu, mkimwona mtu anahangaika na kazi ambayo faida yake bado haijaonekana, msimcheke. Muulizeni anafanyaje, kisha mumsaidie kubeba.

Nimeyatoa kale, nimeyaweka mapajani mwenu. Mwenye masikio ayachukue, na aliyesinzia aombe kwa mwenzake.

Haya, inukeni.