Fisi Aliyewafumbisha Walimu Macho

—Mko?
—Tuko!
—Masikio?
—Wazi!
—Midomo?
—Imefungwa!

Apeni kwanza. Nitakayoyasema yaishie hapa hapa mkekani. Mmeapa? Haya. Mimi mwenyewe asubuhi nimeshawaambia wa kisimani, na wa mashineni wameyapata yote na chumvi juu. Lakini ninyi nyamazeni.

Palikuwa na shule ya wanyama. Ikaletewa Fisi awe mwelekezi wa walimu. Kazi yake ni kukaa nyuma ya darasa, kumtazama mwalimu anavyofundisha, kisha kumwonyesha alipokosea. Kazi nzuri, sikatai. Ila Fisi alikaa karibu na sufuria ya makande ya watoto.

Somo likiisha, anawakusanya walimu.

"Walimu wangu, fumbeni macho. Kila mtu ayatafakari makosa yake. Atakayefumbua kabla sijasema, huyo hafundishiki!"

Walimu wanafumba. Lapu, lapu, lapu!

"Mheshimiwa, ni nini hicho?" akauliza Mwalimu Nungunungu.

"Ni makosa yako yanalia. Fumba!"

Lapu, lapu, lapu!

Wakifumbua, sufuria inang'aa, na watoto wanarudi kwao na njaa.

Sasa nani aseme? Ukisema umemwona, basi ulifumbua. Na kama ulifumbua, hufundishiki. Wengine walichungulia, tena si mara moja. Wakaona aibu, wakatazama chini.

Watoto walipozidi kulia, Fisi akatangaza, "Mwizi nimemjua! Ni Nungunungu, yeye ndiye mwenye ufunguo wa jiko. Kesho wazazi waje, afukuzwe mbele yao."

Maskini Nungunungu! Miiba yote ikamlalia mgongoni kama nywele zilizolowa. Akawa anapita nyuma ya vyoo ili asikutane na mtu.

Mwalimu Kindi, kadogo kama ngumi, akamfuata huko.

"Shoga, usilie."

"Nisilie? Na wewe uliona, ukanyamaza!"

Kindi akajifunika uso kwa mkia. Akakaa hivyo, kisha akaondoka mbio, tiki tiki tiki, mpaka kwa Fisi.

"Mheshimiwa, sisi ni wazito wa kuelewa. Kesho tufundishe wewe mwenyewe, somo la mfano, mbele ya wazazi. Na wao wajue kufumba."

"Mh! Na chakula?"

"Kitakuwepo. Makande na mifupa. Nitayatia mtungini yasipoe."

Fisi akameza mate, gulu!

Kesho yake darasa likajaa. Fisi akasimama, kifua mbele.

"Wazazi, fumbeni!" Wakafumba.
"Walimu, fumbeni!" Wakafumba.
"Watoto, fumbeni!" Wakafumba.

Akaufuata mtungi. Shingo ya mtungi nyembamba. Akatia ulimi, haukufika. Akatia pua, haikufika. Akasukuma kichwa. Gubu! Kikaingia. Akakivuta. Hakitoki!

Kindi akarukia juu ya dawati.

"Mimi nimefumbua! Mimi sifundishiki! Na hata zamani nilichungulia, nikanyamaza! Fumbueni nyote!"

Wakafumbua. Fisi huyo hapo, mtungi kichwani, mchuzi unamtiririka mpaka mkiani, anapapasa ukuta akitafuta mlango.

"Mheshimiwa," akauliza Nungunungu, "unafanya nini humo?"

"Natafakari!" ikajibu sauti ya mtungini. "Fumbeni tena!"

Hakufumba mtu. Hakucheka mtu pia. Walimu waliangalia vidole vyao vya miguu, hakuna aliyeweza kumtazama Nungunungu. Na miiba yake ikaanza kusimama, mmoja, mmoja, mmoja.

Basi wajukuu zangu, fundisho ni hili: mkubwa akikwambia fumba, fumba vizuri, ubane kabisa. Ukichungulia utaona, na ukishaona utalazimika kusema.

—Masikio?
—Yameshiba!
—Midomo?
—Wazi!

Nilijua. Haya, nendeni, lakini mkifika kisimani msinitaje.