Mnazi Uliovutwa na Watu Wema

Wapendwa, wale wa nyuma sogeeni kidogo, msijifanye hamsikii. Leo nina habari ya mti. Msiniulize kama ni ya kweli, maana nimeitunga mwenyewe jana nikipiga pasi shati hili, na shati lenyewe mnaliona lilivyotoka.

Kulikuwa na bwana mmoja kule juu Makete, huko ambako mwezi wa saba mtu anavaa makoti mawili na bado anamwonea wivu kondoo. Aliitwa Elikana Luvanda, lakini kijiji kizima kilimwita Baba Sekela, kwa jina la binti yake wa pekee. Ujana wake alifanya kazi Tanga kwenye mashamba ya minazi. Aliporudi nyumbani kulima viazi alirudi na ugonjwa mmoja usio na dawa: alitaka mnazi mlangoni kwake. Watu walimwambia kwamba kupanda mnazi Makete ni kama kufuga samaki juu ya paa. Akawasikiliza vizuri sana, kisha akachimba shimo.

Shemeji yake aliyekuwa akiuza miche ya maua Mbeya akamhurumia, akamletea mche wa mtende fulani wa nchi za baridi, wenye makuti yaliyopanuka kama pepeo la kuwashia jiko. Alimweleza mambo mawili: kwamba mti huu hauzai nazi, na kwamba baridi unaiweza. Baba Sekela akalisikia lile la pili tu. Kijiji nacho hakikutaka maneno mengi, kikauita mnazi.

Na mti ukakua, wapendwa. Ukawa mrefu kupita nyumba. Mtu akielekeza mgeni anasema, ukifika kwenye mnazi, kata kushoto. Maharusi walikuja kupigia picha pale, wakasimama chini ya makuti na miguuni wamevaa mabuti ya mvua. Jumapili ya Mitende, usharika mzima ulibeba matawi kutoka kwa Baba Sekela, na siku hiyo alikaa benchi la mbele akiwa amenyoosha shingo kama ndiye aliyempokea Bwana Yesu langoni.

Basi ukafika mwaka wa jalidi. Nyie wa huku chini jalidi hamuijui. Ni ule umande unaoganda alfajiri, ukiamka unakuta majani meupe kama mtu amemwaga chumvi shamba zima. Kila mwaka inakuja, inaunguza viazi viwili vitatu, inaondoka. Mwaka ule ilikuja ikakaa. Maji yaliganda ndani ya ndoo. Viazi vilikuwa vyeusi bonde zima. Na mnazi wa Baba Sekela makuti yake yote yakaanguka upande, yakawa na rangi ya chai ya maziwa.

Baba Sekela hakulilia viazi. Mke wake aliliona hilo na akaliweka moyoni. Bwana alisimama mbele ya mti, akaingia ndani, akatoka na blanketi la kitandani, akaanza kuuzungushia. Mke wake akamwangalia mpaka akamaliza kufunga kamba.

"Baba Sekela," akamwambia, "baridi imeshaunguza na imeshaondoka. Blanketi la leo linamfunika nani? Maana usiku nitakuwa natetemeka mimi."

Blanketi likarudi kitandani. Bwana shamba akaitwa. Akauzunguka mti, akaangalia juu, akamwonyesha lile kuti changa la katikati kabisa, ambalo halijafunguka, limejikunja kama mwavuli uliofungwa. Akamwambia makuti haya ya nje yasikutishe, yameungua, yaache hivyohivyo, usikate hata moja. Uhai wote uko pale kati.

"Panda ngazi, livute hilo changa taratibu," akasema. "Likitoka, moyo wake umeoza. Likigoma, mti uko hai. Na likigoma usivute tena. Acha mpaka joto lirudi mwezi wa kumi, utaona lenyewe linasukuma."

Baba Sekela akapanda ngazi. Akavuta. Kuti likagoma. Alishuka akamkumbatia bwana shamba, akamkumbatia mke wake, na kama si mbwa kukimbia angemkumbatia na mbwa.

Sasa, wapendwa, nawauliza. Mtu mwenye furaha kama ile anaweza kunyamaza?

Alimwambia jirani yake Tweve. Tweve alifurahi kweli, lakini Tweve ni mtu wa kuhakikisha. Alisema asingelala bila kushika mwenyewe. Akapanda, akavuta kidogo, likagoma, akashuka anacheka. Tweve akamwambia mkewe. Mkewe akawaambia akina mama wa kikundi. Mama Atu, mwenyekiti wao, akasema hatuwezi kuacha mwenzetu na msiba wa mti peke yake, na akawaleta wote na sukari. Walivuta mmoja mmoja, kwa adabu, wamejifunga vitenge kiunoni, na kila aliyeshuka alimwambia Baba Sekela pole sana, lakini uko hai. Ikaja kwaya. Sauti ya nne, mnajua walivyo wale wa sauti ya nne, hawakuhitaji hata ngazi, walibebana mabegani. Akaja mchungaji wa usharika. Yeye alivuta huku anaomba, na maombi yalikuwa marefu.

Ngazi haikuondoka pale ukutani. Mtu alikuwa akipita kwenda kisimani anaweka ndoo chini, anapanda, anavuta, anaendelea na safari. Baba Sekela alitaka kuwakataza. Mara mbili alifungua mdomo. Lakini utamkatazaje mtu aliyekuja kukupa pole?

Hapo kuna jambo sijawaambia. Wiki ileile ya jalidi, Sekela alirudi nyumbani.

Alikuwa ameolewa Makambako. Siku moja mume wake alimleta mwanamke mwingine ndani ya nyumba, akamwambia Sekela ampishe chumba. Sekela akampisha chumba, na nyumba, na mji. Alifika kwa wazazi wake na begi moja na cherehani, akaingia jikoni, akaketi akaanza kumenya vile viazi vilivyopona. Mama yake alimsogezea kigoda kizuri. Hakumuuliza neno. Baba yake alitaka kuuliza, akatazamwa na mke wake, akakumbuka kuna kuni za kupasua.

Lakini wageni wa mnazi lazima wanywe chai. Na chai iko jikoni. Na jikoni yuko Sekela.

Wakishashuka kwenye ngazi waliingia, wakapokea vikombe, wakamgeukia. Walimuuliza kwa upole kabisa. Kama alikuwa akipigwa. Kama huyo mwanamke mwingine ni mweupe. Kama wakwe wamekuja kuzungumza, kama atarudi, kama alijaribu kumwombea mumewe. Tweve aliuliza habari ya mahari, akasema anauliza tu ili ajue. Sekela alimjibu kila mtu, maana ndivyo alivyolelewa. Na walipotoka walisemezana njiani kwamba anaendelea vizuri, amejibu vizuri, yule ni msichana jasiri. Kesho yake wakaja wengine, akaanza upya kutoka mwanzo.

Mama yake ndiye aliyeona. Aliona chakula kinarudi kama kilivyokwenda. Aliona cherehani imefunikwa kitambaa, na binti akisikia hodi mlangoni anashika ukingo wa meza.

Ikafika Jumapili moja. Baada ya ibada watu wengi walipitia kwa Baba Sekela, kwa sababu Tweve alikuwa na mgeni, mkwewe wa kijiji cha pili, mtu mnene mwenye suti, na Tweve alikuwa amemsimulia njia nzima habari za mnazi ulioishinda jalidi. Akamsaidia kupanda ngazi.

"Vuta, mkwe, usiogope," akamwambia. "Huu haung'oki huu."

Mgeni akavuta. Kuti likatoka laini kama kijiko kwenye uji. Mgeni alirudi nalo kinyumenyume, ngazi ikaenda kushoto na yeye akaenda kulia, akatua mgongo juu ya rundo la majani ya viazi yaliyoungua, suti na yote, kuti limesimama mkononi kama bendera. Hakuumia, asante Mungu. Lakini chini ya lile kuti, pale palipotakiwa kuwa peupe na pagumu, palikuwa pametota, pana rangi ya ugolo, na harufu yake iliwafanya sauti ya nne wote wasogee nyuma.

Kumbe kila aliyevuta alilegeza kidogo. Ukapatikana mwanya. Kwenye mwanya ukaingia umande, ukakaa, moyo ukaoza polepole huku watu wakisema uko hai.

Mgeni, akiwa bado chini, ndiye aliyesema kwanza. "Mimi nimevuta kidogo tu."

"Hata mimi nilivuta kidogo tu," akasema Tweve.

Mama Atu akasema yeye alivuta kidogo. Akina mama wakasema kidogo. Kwaya ikasema kidogo, kwa sauti zote nne. Mchungaji alikuwa anafuta miwani yake.

Na walisema kweli, wapendwa. Hakuna aliyedanganya pale. Tafuteni mtu aliyeuua mti ule, hamtampata. Wangeuchukia wangepita mbali, na mwezi wa kumi ungekuwa na makuti mapya. Hivi nyie mmewahi kufikiri kwamba kuna wakati mtu anaponea kwa adui zake, kwa sababu hao hawaji kumtembelea?

Baba Sekela aliketi kwenye jiwe akashika kichwa. Watu wakajisikia vibaya, na mtu akijisikia vibaya anatafuta wa kumfariji. Mama Atu akafuta machozi, akawaambia wenzake, haya, twendeni ndani tumwone na Sekela, tujue leo anaendeleaje. Kundi lote likageuka kuelekea mlangoni.

Mlangoni alisimama Mama Sekela na mwiko wa ugali. Hakuuinua. Hakupaza sauti.

"Huo wa nje mmeumaliza," akasema. "Huyu wa ndani hamumvuti."

Hakuna aliyeuliza maana yake. Chai waliletewa nje. Waliinywa wamesimama kwenye baridi, na nasikia haikuwahi kunywewa chai kwa ukimya kama ule tangu kijiji kianzishwe.

Mnazi haukupona. Baba Sekela aliukata mwezi wa kumi, joto lilipokwisha rudi, akawa mnyonge kwa majuma kadhaa. Lakini nyumba ile ilikuwa imebadilika. Watu walipita, wakasalimia, wakaacha maziwa au kabichi mlangoni, wakaenda zao. Baba Sekela mwenyewe, ambaye swali lilikuwa limemkaa kooni tangu siku ile ya begi, alijizoeza kuingia jikoni, kusema za asubuhi, kunywa uji na kutoka. Mke wake anasema ilikuwa kazi ngumu kuliko kulima.

Asubuhi moja alikuwa ameketi na binti yake wanapukuchua njegere. Sekela akaanza kutetemeka mabega. Baba yake akadhani analia, akashikilia bakuli kwa nguvu ili mikono isiende popote. Kumbe anacheka.

"Baba," akasema, "yule mkwe wa Tweve. Kumbe hata pale chini alikuwa bado ameshika kuti."

Wakacheka mpaka njegere zikamwagika. Na walipokuwa wakiziokota sakafuni, bila kuulizwa, Sekela akaanza kusimulia ya Makambako. Yote. Baba yake aliendelea kuokota njegere, hata zilipokwisha aliendelea kupapasa sakafu, asije akamkatisha. Jioni ile ilisikika cherehani.

Sasa nakuja kwetu sisi. Mlidhani nimewasahau.

Sisi tunampenda aliyeungua. Sisemi hatumpendi. Mtu amefiwa, mtu ameachwa, mtu amefukuzwa kazi, mtu alianguka kwenye pombe na sasa amerudi kanisani: sisi haohao tunakwenda kwake, na mguu tunaotanguliza ni wa upendo. Lakini tukifika, mikono inatuwasha. Tunataka kujua kama amepona. Tunavuta kidogo. Anakujibu wewe, kesho ananijibu mimi, keshokutwa anaijibu kwaya. Halafu siku moja hayupo kwenye benchi lake, na sisi tunaulizana nje ya kanisa, jamani, fulani alikuwa anaendelea vizuri, amepatwa na nini? Amepatwa na sisi, kidogo kidogo.

Na kuuliza tunakuita kumjali. Je, nikikukataza kuuliza, utaendelea kupeleka kabichi? Hilo ndilo swali langu kwako leo. Kama bila habari hupeleki kabichi, basi hukwenda kumwona mtu, ulikwenda kuchukua habari.

Namalizia. Leo humu ndani kuna mtu amerudi. Alikuwa hajaja muda mrefu, na mnajua sababu, au mnadhani mnajua. Ameingia wakati wa wimbo wa pili, akaketi karibu na mlango ili aweze kutoka haraka.

Msigeuke. Nimeshaona shingo mbili, na moja ni ya mzee wa kanisa.

Tukishatoa baraka atasimama. Msalimieni, mpeni mkono, mpisheni njia. Akitaka kuketi, chai ipo pale ofisini. Akitaka kusema, tutanyamaza tumsikilize. Na asiposema lolote leo, wala mwaka huu, mmiminieni chai ileile, na sukari ileile.